Fundi wa Mwanjelwa kanitukana: eti maiki ni nzima, sauti yangu ndiyo ndogo!!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Natoka Mwanjelwa sasa hivi, nimeruka kwenye bajaji hata chenji sikudai. Yule fundi mnamjua. Simtaji, Mbeya nzima inamjua.

Nimempelekea maiki yangu ya kichwani, ile isiyo na waya, ya kushereheshea. Imeanza kutoa sauti ya chini, nikiongea ukumbini utadhani nipo Tunduma. DJ akipandisha kwenye mikisa, spika zinapiga mluzi mpaka bibi harusi anaziba masikio. Nimemweleza kwa heshima, shikamoo nimempa. Kaivaa yeye, kasema "alo, alo", kaivua, kanitazama toka juu mpaka chini, halafu: "Mama, maiki ni nzima hii. Sauti yako ndiyo ndogo."

SAUTI. YANGU. NDIYO. NDOGO.

Mimi! Ninayesherehesha harusi na sendofu kuanzia Tukuyu mpaka Makambako! Mimi ambaye umeme ukikatika naendelea bila maiki, na meza za nyuma kabisa zinanyanyuka kuja kutunza! Na pale dukani watu walikuwa wamejaa na simu zao mbovu, wote wakaangua kicheko. Hadi mama wa maparachichi aliyekuwa anapita zake kacheka, na hata hajui kilichosemwa.

Na hela kachukua! Elfu kumi "ya kuangalia". Kaangalia nini? Kile kisanduku cha kiunoni hajakifungua. Bisibisi hajashika. Betri hajauliza. Kaangalia mdomo wangu tu, akauona ndio mbovu.

Nikamwambia, baba, maiki hii hii juzi ilikuwa inafika mpaka getini, sauti yangu imesinyaa lini? Anajibu huku anachokonoa simu ya mtu: "Baridi hii mama, koo nalo linachoka." KOO! Baridi ya Mbeya nimezaliwa nayo!

Sauti yangu ndiyo ndogo. Nani mwingine kafanyiwa hivi na huyu mtu? Na Jumamosi nina sendofu Uyole, anayejua dawa ya hii maiki aseme.

Kandambili: Huyo huyo! Mimi aliniambia tivii haina shida, niende nikapime macho.

Mzee wa Spika: Pole dada. Fungua mlango wa betri kwenye hicho kisanduku. Vingi vina kiswichi au skrubu ndogo ya geini, yaani ya kukuza sauti ya maiki, ikishuka ndiyo hayo. Ipandishe kwanza, halafu DJ apandishe kitufe cha geini kilicho sehemu ya juu ya mikisa, asisukume ile fada ya chini peke yake. Toa na sponji uioshe, poda na mate vikiganda sauti inafifia. Halafu maiki ikae kwenye pembe ya mdomo, na kama ni ya kusikia upande mmoja hakikisha haijageukia shavuni. Ikiwa mbali na mdomo inachukua spika kuliko wewe, mluzi unatoka hapo.

MC mwenye uzi: Asante mkuu, ubarikiwe. Kiswichi nimekiona, kipo hapo hapo pembeni ya betri. SASA YEYE ALISHINDWAJE KUKIONA? Elfu kumi yangu, na "sauti yako ndiyo ndogo" juu!

Mwana Forest: Nilikuwepo kwenye harusi moja uliyosherehesha. Dada, fundi hajakosea sana hahahaa.

MC mwenye uzi: Wewe ulikuwa umejificha jikoni kwenye pilau, ungesikia nini?

Wa Kihesa: Mnalia na mafundi, mimi hedifoni za bluetooth. Nikiingia kikao cha Zoom bosi hanisikii, na muziki nao unakuwa wa hovyo.

Mzee wa Spika: Kamwene. Ukiwasha maiki, bluetooth ya kawaida inahama njia ya muziki inaingia njia ya simu, sauti inapimwa mara 8,000 au 16,000 kwa sekunde badala ya 44,100, ndiyo maana muziki unakuwa hovyo. Kwenye Windows nenda mipangilio ya sauti, vuta kiwango cha maiki mpaka 100. Kwenye Zoom toa tiki ya maiki kujirekebisha yenyewe. Tundu la maiki ya hedifoni lisugue kwa mswaki mkavu, usichome sindano.

Mkulima Isyonje: Elfu kumi tu uzi mzima? Njooni kwenye viazi muone wizi. Gunia lisizidi kilo 100, lakini mnunuzi anakuja na kamba zake, anashindilia, anashona kilemba juu, na bei ni ya gunia moja.

Kandambili: Hiyo lumbesa haitaisha, hao wa mizani huwaoni shambani.

Mkulima Isyonje: Na ukikataa anahamia kwa jirani.

Dereva Fuso: Mkuu wa viazi, shambani gunia linaendaje sasa? Gari yangu inarudi Dar tupu.