Kisiwa kisicho na magari, tunatokea Mwanza na mtoto mdogo na mama mzazi, naombeni ushauri

Baba Bahati
Habari zenu wakuu. Tunakaa Nyakato, nyumba iko jirani kabisa na barabara, mwanangu ana miaka mitano na hajawahi kutoka getini bila kushikwa mkono. Akisogea tu mlangoni utasikia "Bahati, pikipiki!", bibi anaita, mama yake anaita, na mimi naita, maana boda zinapita hadi ubavuni mwa ukuta na malori ya mchanga yanashuka bila kupunguza mwendo. Desemba nina likizo na ninachotaka ni kimoja tu, nimpeleke sehemu akakimbie. Akimbie tu, siku nzima, bila mtu kumwita kwa hofu.

Nimesikia kuna visiwa havina magari kabisa. Tutakuwa wanne, mimi, mke wangu, Bahati na mama yangu. Mama ana miaka 67 na magoti yanamsumbua, ngazi anapanda ila taratibu, na kutembea akifika nusu saa lazima akae. Mama simuachi nyumbani, hilo lisijadiliwe. Bajeti ni milioni tatu, tukijibana tatu na nusu, nauli humo humo. Nimefikiria Rubondo kwa kuwa ni hapa hapa ziwani, Lamu ya Kenya nimeiona kwenye video, na jamaa kazini kaniambia kuna Chole kule Mafia. Wenye uzoefu nisaidieni, hasa upande wa mama.

Kapripointi
Mkuu kabla hujaenda mbali anza na Saanane. Boti unapandia hapa Capri Point, dakika chache umefika, ni hifadhi ya taifa tangu 2013 na ndiyo ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.18 tu. Gari hakuna. Kuna swala, pimbi, na mawe yetu haya ya Mwanza. Huko hulali wiki nzima ila itakusaidia kujua mtoto anaionaje boti na mama anaingia na kutoka vipi. Hilo la kuingia botini watu hawalifikirii, na kwa mwenye magoti ndiyo kazi yenyewe.

Ng'wana Magu
Mimi nauliza tu kwa nia njema, si umpeleke mtoto kijijini kwa babu zake, uwanja upo, ng'ombe wapo, atakimbia mpaka achoke na hiyo milioni tatu ukaezeke nyumba?

Baba Bahati
Nimekuelewa kaka na kijijini tunaenda kila Pasaka. Ila nataka mke wangu na mama nao wapumzike. Kijijini mama hapumziki, akifika tu anaingia jikoni na wageni hawakatiki. Hajawahi kuiona bahari maishani mwake.

Mzee wa Nansio
Mwanangu, Rubondo naifahamu. Ni hifadhi tangu 1977, watu hawaishi zaidi ya watumishi na wageni, na magari ni ya hifadhi, ya kuhesabu. Ina sokwe, kizazi cha wale walioletwa miaka ya 1966 hadi 1969 kutoka bustani za wanyama za Ulaya, wakaachiwa porini, wakazaana. Kuna nzohe, wale swala wa majini, kuna twiga, tembo. Simba hakuna, chui hakuna. Njia siku hizi ni rahisi, daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, unapita Sengerema na Geita mpaka Nkome halafu boti.

Lakini wewe umesema unataka mtoto akimbie. Rubondo hakimbii mtu. Unatembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu kuna tembo na kuna viboko, na ufukweni kuna mamba. Kukosa magari siyo kukosa hatari. Mpeleke akifika darasa la tano huko, atafurahi sana na atakumbuka.

Na popote utakapokwenda kwa maji, ziwani au baharini, chombo kikijaa usipande. Mimi ni mtu wa Ukerewe, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018 tukazika watu zaidi ya mia mbili. Nahodha akikwambia "songea songea kuna nafasi" wewe shuka na familia yako, subiri kinachofuata, hata kama nauli umeshalipa.

Baba Bahati
Shikamoo mzee. Nimekusikia, Rubondo tunaiweka kando kwanza. Pole sana kwa yale ya Ukara.

Nesi wa Zamu
Niongezee kwa upande wa ziwa, hata kama mtabadili mawazo mkaenda Ukerewe au Kome, mtoto asioge ziwani. Kichocho kiko pwani yote ya ziwa letu na visiwani ndiyo zaidi, wadudu wanatoka kwenye konokono wanaingia kwenye ngozi hata ukisimama majini muda mfupi. Kama ameshawahi kuchezea maji ya ziwa mpeleke akapime, dawa ipo na inatibu. Maji ya bahari hayana kichocho, kwa hiyo hapo pwani imetushinda. Ila malaria iko kote, chandarua kiulizwe kabla ya kulipa chumba.

Binti Amu
Kaka yangu karibu Lamu, mie ni wa huku huku. Mji wetu wa kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na vichochoro ni vyembamba gari halipiti hata ungelitaka. Mizigo yabebwa na punda, saruji punda, maji punda, sofa la bibi harusi punda. Ukimsikia mtu nyuma yako apiga kelele za kuomba njia wajibana ukutani, punda apita na magunia yake, mwaendelea. Lakini nitakwambia kweli, bodaboda zimeingia kisiwani miaka hii, pembezoni mwa mji na kuelekea mashamba utazikuta. Ukitaka utulivu zaidi kaa Shela, mwendo wa boti kidogo tu kutoka mjini, na ufuo wake ni mrefu wa mchanga mtupu.

Kwa mama mwambie hivi: nyumba za Lamu ni za ghorofa na vyumba vizuri viko juu. Ngazi zake ni za mawe, fupi kwa upana na ndefu kwa kimo. Omba chumba cha chini na uombe picha ya ngazi, siyo picha ya kitanda. Gatini nako kuna vidato, maji yakitoka vidato vya chini vina ukoga wa kuteleza.

Pasipoti mnahitaji. Kenya, Uganda na Rwanda ndio walokubaliana raia wao kuvuka kwa kitambulisho, Tanzania haimo. Na kadi ya homa ya manjano msiisahau mpakani Sirari. Kutoka Nairobi bora ndege, mnatua Manda mnavuka kwa boti. Barabara ya kutoka Garsen kuja Mokowe imewahi kushambuliwa na mabasi yalikuwa yakisindikizwa na polisi, kwa familia yenye mtoto mie sishauri.

Baba Bahati
Asante sana dada, umenieleza kitu ambacho video hazisemi. Ndege ya watu wanne Nairobi–Lamu kwenda na kurudi bajeti yangu haiwezi, nakwambia ukweli. Na pasipoti mama hana. Kwa hiyo nauliza Chole, kuna mtu anaijua?

Mtu wa Kilindoni
Mimi hapa. Chole ni kisiwa kidogo ndani ya ghuba, mkabala na Utende, upande wa kusini mashariki wa Mafia. Mafia yenyewe ina magari na bajaji, usichanganye. Ila ukishavuka kwenda Chole basi, ni njia za mchanga chini ya miembe na minazi, baiskeli mbili tatu na watu kwa miguu. Watoto wa pale wanazurura toka asubuhi na kila mtu mzima anayewaona anawajua. Zamani ndiyo ilikuwa makao makuu, Wajerumani walihamishia Kilindoni 1913, magofu yapo mizizi imeyashika mpaka juu. Na kuna popo wale wakubwa wa matunda, mchana wamening'inia mtini kwa makundi na jioni wanaondoka wote, mtoto wako atapiga makelele.

Sasa la mama. Nyie watu wa Mwanza ziwa lenu halipwi, ukija asubuhi maji yapo, jioni yapo pale pale, kwa hiyo hamna mazoea ya kuuliza maji. Huku lazima uulize. Maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku na yanachelewa karibu dakika hamsini kila siku inayofuata. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yanapwa sana kwenye saa nne saa tano asubuhi, boti inaishia mbali na mnateremka majini mnatembea kwenye matope na mawe yenye ncha mpaka nchi kavu. Kijana anaona raha. Mwenye magoti pale ndipo safari inapoharibika. Lakini siku hizo hizo ukivuka saa kumi jioni maji yamejaa tele, boti inasogea hadi karibu kabisa na ufukwe, mama anashikwa mikono miwili hatua chache yuko nchi kavu.

Kwa hiyo usipange saa ya kuvuka kwa saa ya ndege au ya feri. Panga kwa maji. Ukifika Utende maji yametoka, kaeni, agizeni chai, subirini. Nimeona mgeni kalazimisha kwa sababu chumba keshalipia, wakambeba bibi yake mgongoni, bibi wa watu akaona aibu mpaka akalia. Mambo ya kusubiri masaa matatu tu.

Jingine, mle ni ndani ya hifadhi ya bahari, iliyoanzishwa 1995, kuna ada getini kabla ya Utende. Beba NIDA za wakubwa wote ulipe kama raia. Hela toa Kilindoni, Chole usitegemee benki. Nyumba za kulala wageni za bei ya kawaida Chole ni chache, kwa Desemba piga simu mapema sana. Mkikosa, laleni Utende mvuke kila siku. Na Desemba ni msimu wa papa potwe upande wa Kilindoni, ni samaki mkubwa mno lakini hali watu, hata mama anaweza kumuona akiwa amekaa zake kwenye boti.

Dada wa Kirumba
Ushauri mzuri lakini naomba mnisikilize kama mama. Hofu ya gari unaiacha Nyakato, ya maji unaikuta huko. Mtoto aliyekulia ndani ya geti hajui kuogopa maji kama watoto wa pale. Kubalianeni kabisa kabla, saa hizi mpaka saa hizi ni wewe, saa hizi ni mkeo, na anayeshika zamu asishike simu. Bibi asipewe zamu ya ufukweni, goti haliwezi kumkimbiza mtoto. Jaketi okozi la saizi yake nunua uende nalo, mengi ya kwenye maboti ni ya watu wazima, mtoto anachomoka. Na yeboyebo za kufunga nyuma, kule chini kuna miiba ya baharini.

Kingine Chole ni watu wa dini, khanga za kutosha, nguo za kuogelea ziishie majini.

Msafiri Nyegezi
Nauli: basi Nyegezi mpaka Dodoma, laleni hapo, kesho yake treni ya SGR mpaka Dar. Inabeba abiria Dar–Dodoma tangu 2024 na kwa mama ni nafuu sana kuliko kukaa basini moja kwa moja, anasimama, ananyoosha miguu, choo kipo. Dar pumzikeni usiku mmoja. Halafu Mbagala kuna magari ya kwenda Nyamisati, wilaya ya Kibiti, hapo ndipo feri ya Kilindoni. Ndege ipo ya muda mfupi tu kutoka Dar, kama hela inabana mpandisheni mama na mkeo ndege, nyie wanaume wawili mwende na feri. Tiketi za treni Desemba zinaisha haraka, usilale.

Baba Bahati
Wakuu mmenitoa gizani. Nimekaa na mama jana usiku nikamsomea uzi wote mpaka pale pa bibi kubebwa mgongoni, akasema yeye masaa matatu ya kusubiri siyo kitu, amesubiri daladala za Buhongwa maisha yake yote. Kwa hiyo ni Chole. Jumapili hii tunaenda Saanane kujaribu boti kama alivyosema Kapripointi. Wa Kilindoni nakuuliza la mwisho, nichague siku za maji mafu au bamvua? Na mama anauliza akuletee nini, ana michembe, yale matobolwa ya viazi vitamu vilivyokaushwa, na dagaa wakavu.

Mtu wa Kilindoni
Maji mafu, kaka. Hayajai sana na hayapwi sana, saa nne asubuhi yako juu, mnavuka kweupe na jua halijawa kali. Angalia mwezi ukiwa nusu, ongeza siku moja au mbili, ndizo hizo. Ukishapata tarehe ya treni niandikie nikuhesabie. Mwambie mayu alete michembe, dagaa tunao.