Ibada ya Kuliaga Kanisa Letu: Gumzo la Kikundi cha Mtaa, Kilwa, Mei 2024

Katibu: Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Ibada ya kuliaga jengo letu itafanyika Jumapili ya Utatu, tarehe 26 Mei. Tangu kimbunga Hidaya kilipoezua paa tarehe 4, tumekuwa tukiabudu darasani kwa hisani ya mwalimu mkuu, lakini jengo lile haliwezi kubomolewa kimyakimya kama banda lisilo na mwenyewe. Kila mmoja aseme ataleta nini.

Katibu: Wengi mmesoma tangu jana na hakuna aliyejibu.

Mama Mhazini: Amina. Nitaleta maji ya kunywa na mikeka.

Fundi: Mikeka isitandikwe ndani. Kenchi zilishikwa kwa misumari tu, hazikufungwa kwenye linta, kwa hiyo upepo ulipoingia madirishani uliinua paa zima, na sasa ukuta wa madhabahu hauna kinachoushika juu. Umeinamia ndani, na udongo ulioshika mawe umelowa. Asiingie mtu.

Katibu: Fundi, watu wamebatizwa mle na kufungishwa ndoa mle. Nilikusudia kila familia ikae mahali pake pa siku zote, hata kwa dakika tano.

Mwalimu wa Kwaya: Mahali pa familia yetu pamelaliwa na kenchi, labda tuage kifudifudi 😄

Kijana wa Dar: Na sauti ya besi ipunguzwe, ukuta usije ukaitikia 😂

Katibu: Tafadhali, bado hatujazungumzia kengele.

Mama Mhazini: Kwa kuwa Mwalimu anacheka, naomba niulize: zile fedha za kufungia kenchi, zilizogeuka sare za kwaya, zingebaki kwenye kazi yake, leo tungekuwa tunaaga nini?

Mwalimu wa Kwaya: Mama, uamuzi ule ulitolewa na wazee wa kanisa, nawe ulikuwa kikaoni.

Babu Mzee wa Kanisa: Wanangu, mjukuu wangu ananiandikia. Kimbunga kilipoipiga Lindi Aprili 1952 nilikuwa mtoto huko, nikaona zikiezuliwa hata nyumba za mafundi waliosifiwa. Sare hizo mnazogombania ndizo zilizovaliwa siku tuliyomzika mke wangu, kwa hiyo neno hilo lisirudiwe. Fundi amesema asiingie mtu; nami nasema asiingie mtu, hata mchungaji. Tutasimama upande wa makaburi, na majina ya waliolala pale yasomwe kabla ya wimbo wa kwanza, kwa maana hao hawatahamia kiwanja kipya pamoja nasi.

Mwalimu wa Kwaya: Tumesikia, Babu.

Mama Mhazini: Nimesikia, Babu.

Katibu: Itakuwa hivyo, Babu. Daftari la maziko lililowa, basi kila familia iniletee majina yake kabla ya Ijumaa.

Fundi: Kengele naweza kuishusha nikiwa nje, nikipata watu wanne na kamba nene.

Kijana wa Dar: Kamba nitaituma kwa basi.

Katibu: Basi gani, na siku gani?

Mchungaji: Shalom. Nategemea kufika Jumamosi, ila mvua ikiharibu tena barabara pale Somanga, mwinjilisti aanze bila mimi.

Mama wa Shambani: Samahani, wapendwa, nilikuwa shamba hakuna mtandao. Ibada ni saa ngapi?

Katibu: Saa 3 asubuhi, mama. Majina ya upande wenu anayo nani?