Boksi la visu vya zamani vya Kimarekani: nisaidieni kuvitambua

Dereva_I80:
Wakuu, heshima zenu. Mimi naendesha lori huku Marekani, njia yangu kubwa ni I-80. Juzi nilipumzika karibu na Clearfield, Pennsylvania, nikakuta familia inauza vitu vya mzee wao aliyefariki, vimepangwa uani kwenye meza. Kwenye meza ya vyuma kulikuwa na boksi la mbao la sigara lenye visu vinne. Binti wa marehemu akasema dola 40 vyote, nikatoa pesa.

Viko hivi:
1. Cha kukunja, mabapa matatu, mpini wa mfupa wa kahawia wenye mitaro iliyochongwa. Kwenye kitako cha bapa kubwa, pale linapoingia mpinini, kuna CASE XX U.S.A. na nukta nukta chini yake. Upande wa pili 6318.
2. Cha kukunja, kikubwa zaidi, mabapa mawili. Mpinini kuna kichuma chenye umbo la risasi. Kimeandikwa REMINGTON ndani ya duara, na R1123. Hiki kinang'aa kuliko vyote.
3. Cha ala, mpini wa vipande vya ngozi vilivyobanwa pamoja. WESTERN, BOULDER, COLO.
4. Kidogo, mpini wa njano yenye mawimbi kama marumaru, maandishi hayasomeki. Kina kutu.

Nataka kujua umri wake, na hasa hicho cha Remington, maana nasikia watu wanalipa pesa ndefu. Dereva mwenzangu ananishauri nivipige Brasso na stilwaya kwanza ndiyo nipige picha nzuri. Mnasemaje?

MlaKachori:
Mimi kisu cha marehemu nisiyemjua hakiingii kwangu, hata cha bure. Ila nafuatilia uzi.

Fundi_wa_Kinoo:
Dereva, kabla hujamaliza kusoma hapa, nenda katoe hicho cha njano ndani ya boksi. Kiweke mbali kabisa na wenzake, tena mahali penye hewa. Ukishafanya hivyo rudi tuongee.

Mpini wa namna hiyo kwenye visu vya zamani mara nyingi ni seluloidi, plastiki ya kizamani. Kinuse. Seluloidi nzima ina harufu ya mbali ya kafuri. Ikianza kuoza harufu inageuka kuwa kali, ya kuchoma pua, na mvuke wake una asidi. Ule mvuke unakula chuma cha kisu chenyewe, halafu unakula cha majirani. Nimeshaona droo nzima ya visu safi imeota kutu kwa sababu ya kimoja cha aina hiyo, na mwenye droo analaumu unyevu wa nyumba. Na usithubutu kukichoma kwa sindano ya moto kama wanavyofundisha vijana wa video ili kupima kama ni mfupa au plastiki. Seluloidi inawaka kama petroli.

La pili: Brasso na stilwaya mrudishie huyo dereva mwenzako akasugulie sufuria zake. Chuma cha zamani chenye kaboni kikikaa kinapata rangi ya kijivu iliyokolea, na hiyo ni rangi ya umri, mnunuzi anaitafuta. Kutu nyekundu ndiyo adui. Hiyo iondoe taratibu kwa kitambaa na mafuta mepesi ya cherehani, ilainike usiku kucha, ufute, basi. Ukisugua kitako cha bapa unafuta maandishi, na maandishi ndiyo cheti cha kuzaliwa cha kisu. Nimefanya kazi ya lathe, mashine ya kukereza chuma, huku Michigan nusu ya umri wangu, chuma king'aacho nakiona kila siku. Kwenye kisu cha zamani mng'ao hunitia wasiwasi.

Sasa tuje kwenye Case. Hii ndiyo kampuni rahisi kuliko zote kuisoma, na kwao ni Bradford, hapo hapo Pennsylvania, kaskazini ya uliponunua. Namba 6318 inasomwa hivi: 6 ni mpini wa mfupa, 3 ni idadi ya mabapa, 18 ni umbo la kisu. Ingekuwa 5 mwanzoni ungekuwa mpini wa pembe. 3 mwanzoni, plastiki ya njano. Ila jihadhari, hiyo 6 waliendelea kuipiga hata pale walipoweka plastiki iliyochongwa ifanane na mfupa. Chukua lenzi ya sonara, tazama sehemu laini ya mpini. Mfupa una vitundu vidogo sana, kama umechomwachomwa na ncha ya sindano. Plastiki haina kitu.

Nukta ndizo mwaka. Mpaka 1964 hivi walipiga CASE XX peke yake. Kuanzia 1965 wakaongeza U.S.A. Mwaka 1970 wakaweka nukta kumi chini yake, na kila mwaka wakapunguza moja, hadi 1979 ikabaki moja. Hesabu zako, utupe jibu.

Western ni kisu cha kazi, cha kuchuna kulungu, na ukikipata kizima kinastahili heshima. Kampuni ilikuwa Boulder, Colorado, hadi ilipohamia Longmont mwaka 1978. Halafu tangu 1977 walianza kuweka herufi ya mwaka, A ikiwa ndiyo ya kwanza. Kama chako hakina herufi, ni cha kabla ya hapo. Kitoe kwenye ala leo, usikirudishe. Ngozi inashika unyevu, na dawa za kutengenezea ngozi zinaamsha kutu kwenye bapa na ule ukijani kwenye shaba. Ala na kisu vihifadhi pamoja, ila kimoja kisiwe ndani ya kingine.

Remington nimeiacha mwisho makusudi. Naomba picha ya mpini, karibu kabisa, bila flashi.

Mwana_wa_Arusha:
Shikamoo Fundi. Nadandia uzi. Marehemu baba alikuwa mfuata nyayo kwenye kampuni ya uwindaji wa kitalii. Mteja mmoja wa Kimarekani alimwachia kisu cha kukunja, kizito, mpini wa mbao na shaba ya njano ncha zote mbili, na ala nyeusi ya mkandani. Kimeandikwa BUCK, chini 110 ikiwa na nukta kila upande, chini U.S.A. Mama anasema baba alikuja nacho yeye akiwa na mimba ya kaka yangu mkubwa, lakini mwaka hakumbuki vizuri.

Fundi_wa_Kinoo:
Marahaba mwanangu. Hiyo ni Buck 110, kisu cha kukunja chenye kufuli mgongoni. Kilitoka mwaka 1964, kikaigwa na kila mtu duniani. Kampuni wakati huo ilikuwa California. Idaho walihamia 2005.

Kuanzia 1986 Buck waliweka alama ndogo ya mwaka karibu na namba. Chako kina nukta tu, kwa hiyo ni cha kabla ya hapo, na nukta hizo ni za kuanzia miaka ya sabini katikati. Sasa weka historia ya kwenu: Tanzania ilifunga uwindaji 1973, ikafungua 1978. Mteja wa baba yako hakuja wakati pori limefungwa. Kwa hiyo tuseme kati ya 1978 na 1986. Kaka yako ana umri gani?

Mwana_wa_Arusha:
Kazaliwa Februari 1982. Fundi, umenitoa machozi. Asante sana.

Dereva_I80:
Nimerudi. Cha njano nimekitoa, kweli kinanuka, nikadhani ni boksi. Nukta za Case ziko saba. Western haina herufi yoyote. Picha za Remington na Case nimeweka. Remington nimeitazama kwa lenzi, mpini laini tupu, vitundu hamna. Sasa hiyo ni nzuri au mbaya?

Fundi_wa_Kinoo:
Case ya nukta saba ni 1973. Mfupa wake upo, picha inaonyesha. Safi.

Remington, pole. Kiwanda chao cha Bridgeport, Connecticut, kilitengeneza visu miaka ya ishirini na thelathini, na kufikia 1940 walishauza shughuli hiyo ya visu. Vile vya alama ya risasi ndivyo vinavyotafutwa kama dhahabu, na R1123 ya 1922 ndiye baba yao. Sasa kwenye namba za Remington, tarakimu ya mwisho inataja mpini: 3 ni mfupa, 6 pembe, 4 lulu ya chaza. Namba yako inaishia na 3 lakini mpini wako ni plastiki. Namba na mwili havisemi kitu kimoja. Mwaka 1982 Remington walianza kutoa upya visu vya risasi kwa wakusanyaji, vikitengenezwa na Camillus, kampuni ya visu ya New York, na vile vya mwanzo viliwekwa mipini ya plastiki. Chako ni cha hao. Ni halali, si bandia, kina wapenzi wake, ila si cha 1922. Bandia inakuja pale mtu anapokizeesha kwa siki na kukuuzia kama cha babu yake.

Ukitaka cha asili siku moja, kagua kitako cha bapa kwa jicho kali. Kama bapa lote ni la kijivu lakini kitako peke yake cheupe, au chembamba kuliko kinavyopaswa, kuna mtu amesaga maandishi ya zamani akapiga mapya. Kisha lifungue na kulifunga. Springi nzima inalia ka! bapa likikaa mahali pake. Likifungwa, ncha isichungulie nje ya mpini. Ikichungulia, bapa limenolewa hadi limekwisha.

Dereva_I80:
Nimekuelewa mkuu. Case nikinoe nikitumie barabarani, au nakiharibu?

Fundi_wa_Kinoo:
Mabapa bado mapana?

Dereva_I80:
Kubwa limeliwa kidogo karibu na ncha. Mawili madogo kama hayajaguswa.

Fundi_wa_Kinoo:
Basi mzee alikuwa anakitumia, na wewe kitumie. Jiwe laini na mafuta, usipeleke kwenye mashine. Na ukipanda ndege kuja nyumbani kiweke kwenye begi la mizigo, kwenye begi la mkononi watakunyang'anya pale pale.