Baba alifariki kwa Huntington: nipime vinasaba kwanza, au nikate bima ya maisha kwanza?

MamaPili
Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Nina jambo linaninyima usingizi.

Baba yangu alifariki akiwa na miaka 52 kwa ugonjwa wa Huntington, ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo. Ulianza kidogo kidogo. Kikombe kilikuwa kinamponyoka, tukadhani ni uchovu. Baadaye vidole na mabega vikawa vinacheza vyenyewe hata akiwa amekaa kimya, kisha zikaja hasira ambazo hakuwa nazo. Daktari alituambia wazi kwamba kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kurithi jeni inayousababisha.

Dada yangu amepima, anayo. Sasa ananisihi na mimi nipime. Mimi nina miaka 34, nalea watoto wawili peke yangu, na nilikuwa nimeshachukua fomu ya bima ya maisha ili nikiondoka wasihangaike. Nimefika kwenye swali: "Je, umewahi kufanyiwa kipimo cha vinasaba, au unasubiri majibu?" Kalamu ikasimama. Wakala ananiambia niandike "hapana" kwenye kila kitu kinachohusu familia, eti hakuna atakayejua. Roho imekataa. Nianze na lipi? Na majibu ya dada, nina wajibu wa kuwapa?

KaraniMstaafu
Pole sana binti yangu. Nimekaa miaka mingi kwenye meza ya kupitia maombi ya bima za maisha, kwa hiyo nisikilize.

Huyo wakala achana naye. Yeye kamisheni yake anaipata ukishasaini. Siku ya madai hatakuwepo. Mtu akifa miaka michache baada ya kukata bima, faili lake la hospitali huitishwa na kuwekwa kando ya fomu aliyojaza, swali kwa swali. Ikionekana ugonjwa wa baba ulifichwa, mkataba unaweza kufutwa na watoto wakaambulia kurudishiwa michango tu, pengine hata hiyo wasiipate. Nimeshalishika faili la namna hiyo, mjane amekaa mbele yangu na bahasha ya risiti zote alizolipa marehemu. Sijasahau uso wake mpaka leo.

Sasa kuhusu kipi kitangulie. Fomu inauliza hali ilivyo siku unayosaini. Kama hujapima, "sijapima" ni ukweli mtupu. Ukishapima, jibu hilo litakufuata kwenye kila fomu ya bima yenye swali kama hilo, isipokuwa unapoishi pawe na sheria ya kukukinga. Ndiyo maana washauri nasaha wengi wa vinasaba humwambia mtu amalize mambo ya bima kabla ya kwenda maabara. Ila angalia hapa: ukipima baada ya kusaini lakini kabla bima haijaanza kufanya kazi, kwa kawaida unatakiwa kuwaarifu. Usitoe damu mpaka uwe na mkataba uliokubaliwa mkononi.

Ya baba yaandike yote. Jiandae kutozwa zaidi, au hata kukataliwa. Wakikukataa, jaribu kampuni nyingine, maana hazipimi hatari kwa mizani moja.

Kifungu
Nakubaliana na mzee. Niongeze upande wa sheria, kwa sababu watu huchanganya sana.

Marekani wana sheria ya mwaka 2008 iitwayo GINA. Inamlinda mtu kwenye bima ya afya na kazini, lakini bima ya maisha haimo. Jimbo la Florida ndilo lililoziba pengo hilo kwake mwaka 2020. Kanada walipitisha yao mwaka 2017: ni kosa kumlazimisha mtu apime, au atoe majibu ya kipimo, ndipo apewe mkataba. Ilipingwa mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 2020 ikasimama kwa majaji 5 dhidi ya 4. Uingereza wanaenda kwa makubaliano kati ya serikali na kampuni za bima. Kwenye bima ya maisha, kipimo cha kutabiri ugonjwa ambacho wanaweza kukiuliza ni kimoja tu, tena bima ikizidi pauni 500,000. Kwa bahati mbaya dada, kipimo chenyewe ni hicho cha Huntington.

Kwa hiyo kabla ya yote, tafuta sheria ya unakoishi inasemaje. Na usidhani sheria hizo zinafunika kila kitu: hata Uingereza na Kanada, magonjwa ya wazazi bado yanaulizwa.

Kuhusu dada yako: kubeba jeni si kuugua. Fomu ikiuliza nani katika familia *ameugua*, na yeye hana dalili, hajaingia hapo. Majibu yale ni siri yake. Fomu ikitaja waziwazi vipimo vya ndugu, usiijaze kabla ya kuonana na mwanasheria.

Tumaini77
Mimi nimepima, kwa ugonjwa huohuo. Naongea na wewe kama ndugu.

Usipime kwa sababu dada anataka. Una haki ya kutojua. Majibu huja kama namba: ni mara ngapi herufi tatu za vinasaba, CAG, zimejirudia kwenye hiyo jeni. Zikiwa 40 au zaidi, ugonjwa utakuja ukiishi umri wa kawaida, na tiba ya kuuponya haipo. Nilikaa na mshauri mara tatu kabla ya kutoa damu, na mara ya pili nilitoka mlangoni nikarudi nyumbani. Hakunilaumu mtu.

Na tafadhali, usitume mate kwenye kampuni za mtandaoni zinazopima vinasaba, kama 23andMe. Mwaka 2023 taarifa za watu takriban milioni 6.9 zilivuja kutoka 23andMe, na mwaka 2025 kampuni ikaomba ulinzi wa kufilisika. Nywila unaweza kuibadilisha, vinasaba huwezi.

MamaPili
Asanteni sana, nimesoma kila neno. Jana nimeongea na dada, tumelia wote wawili, amekubali kunisubiri. Fomu nimeijaza. Kwenye mstari wa baba nimeandika Huntington, miaka 52. Kwenye lile swali nimeandika sijapima. Nimeipeleka mwenyewe ofisini, si kwa wakala, na nakala yenye muhuri ninayo. Wakijibu nitaleta mrejesho.