Naomba ushauri: namna ya kutumia tanakali za sauti katika Kiingereza

Mpendalugha: Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wenu. Ninaandika hadithi fupi kwa Kiingereza na ninakwama kila ninapofika kwenye milio. Katika Kiswahili tunasema jiwe lilitumbukia majini chubwi, au mzigo ulianguka pu, na tanakali hukaa baada ya kitenzi bila kubadilika umbo. Je, maneno kama "splash" na "thud" huwekwa vivyo hivyo, na nitajuaje lipi linafaa mlio upi?

Kalamu Nyekundu: Ndugu Mpendalugha, usiyaweke hivyo, kwa sababu tanakali nyingi za Kiingereza ni vitenzi na nomino kamili, na hunyambuliwa kama maneno mengine yoyote. Jiwe huanguka "with a splash", tanakali ikiwa nomino; nyuki wakivuma jana, utaandika "the bees buzzed". Lakini jambo ambalo nisingependa likupite ni kwamba kitenzi cha mlio kinaweza kubeba mwendo pia. Katika "the door creaked open" mlango unafunguka na kulia kwa pamoja, na katika "the train rumbled past" garimoshi linapita huku likinguruma, ilhali Kiswahili kingehitaji vitenzi viwili kulieleza tukio hilo hilo. Jizoeze muundo huo kwanza, kwani ndio unaoipa masimulizi ya Kiingereza kasi yake.

Sikio la Lugha: Naongeza kuhusu uchaguzi. Zisikilize irabu: "clink" ni mlio mwembamba wa bilauri zinazogusana, na "clank" ni wa chuma kizito. Hata hivyo sikio pekee halitoshi, maana tanakali ni makubaliano ya wazungumzaji. Jogoo huwika "kokoriko" kwa Kiswahili, "cocorico" kwa Kifaransa na "cock-a-doodle-doo" kwa Kiingereza. Kwa hiyo fungua kamusi kila mara.

Mpendalugha: Nawashukuru sana. Na katika ripoti rasmi, je, zinaruhusiwa?

Kalamu Nyekundu: Maneno kama "click" na "murmur" yanakubalika popote, kwa kuwa yamekwisha kuwa msamiati wa kawaida. Inayopaswa kubaki katika hadithi ni tanakali inayosimama peke yake na alama ya mshangao, kama "Bang!", na hata humo itumie kwa nadra, pale ambapo mhusika mwenyewe ameshtuka.