Re: Re: Re: Nasari wamenirudishia faili, cheti cha tabia njema cha miezi 11 kinafaa?

Mama Neema, Milton Keynes (Jumatatu usiku)

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Samahani kwa kuandika saa hizi lakini nina hasira na nikilala nayo nitaota vibaya.

Wengine mnajua nimetafuta kazi ya nasari tangu nifike Uingereza mwezi wa tatu. Mwezi jana nikapata moja hapa karibu, intavyuu nikapita, siku ya majaribio wakaniweka chumba cha watoto wa miaka 2, mmoja alikuwa analia tangu mama yake amwache mlangoni, nikakaa naye chini pale kwenye ndoano za makoti hatukusemeshana, baada ya dakika kumi kichwa kikadondoka mapajani mwangu, kalala. Meneja aliona kwa macho yake. DBS, ule ukaguzi wa rekodi ya uhalifu, ikatoka safi. Leo naitwa ofisini nikajua ni mkataba, hata lipstiki nilipaka, kumbe dada wa HR ana karatasi moja tu mbele yake. Faili halijakamilika. Ati DBS inaangalia Uingereza tu na mimi huku nina miezi 8, kwa hiyo wanataka polisi wa Kenya waniseme. Nikatoa cheti changu cha tabia njema nilichofanya Desemba kabla ya kusafiri. Akakigeuza nyuma na mbele kama noti ya bandia, akasema ni cha zamani. Halafu diploma yangu ya ECDE, ya ualimu wa chekechea, haimo kwenye orodha ya serikali kwa hiyo hata nikiingia nitahesabiwa asiye na cheti. Miaka 9 nimefundisha Kilifi jamani!

Swali langu: kuna mtu alikubaliwa na cheti cha miezi 11 au lazima kipya? Na kama ni kipya alama za vidole mnachukuliwa wapi huku? La pili, wakati nasubiri ni mashirika gani ya watoto wadogo naweza kuingia hata kwa kujitolea nisikae nyumbani kuangalia mvua.

Kamanda, Reading

Pole dada. Hapo HR hana kosa, EYFS, kanuni za nasari za England, inamtaka mwajiri afanye uchunguzi wa ziada kwa aliyewahi kuishi nje. Cheti mwisho ni miezi 6. Diploma peleka ENIC, wale wanaopima vyeti vya nje, watakupa karatasi ya kulinganisha, mambo yameisha. Mke wangu alifanya hivyo 2019, wakati huo ikiitwa NARIC.

Na DBS yako ingiza Update Service, huduma ya kuiweka hai, ndani ya siku 30 tangu itolewe, ni £16 kwa mwaka. Ukichelewa unaanza upya kila ukibadilisha kazi.

Shangazi wa Croydon

Kamanda mdogo wangu nakuheshimu lakini usimpoteze mtoto wa watu. Hiyo miezi 6 umeitoa kwenye mambo ya visa. EYFS haina namba ya miezi, inamwachia mwajiri aridhike mwenyewe. Na ENIC inasema kiwango tu, haisemi kama unaweza kuhesabiwa kwenye reshio, yaani watu wazima kwa idadi ya watoto, hilo linaamuliwa na wizara ya elimu, DfE. Mkeo 2019 alikuwa anaomba kazi ya shule, sio nasari, tulikuwa wote kwenye kozi ile.

Mama Neema mwanangu, kutokuwa na Level 3, ngazi ya cheti cha malezi wanayoitambua, hakukuzuii kuajiriwa. Kwa watoto chini ya miaka 2 ni mtu mzima 1 kwa watoto 3, wa miaka 2 ni 1 kwa 5 tangu Septemba 2023, na kila chumba lazima awepo mwenye Level 3 na nusu ya waliobaki wawe na Level 2. Ile nusu nyingine ndiyo wewe. Sema wanakupangia mshahara wa chini kabisa na unabadilisha nepi kutwa wakati mtoto wa miaka 19 mwenye Level 3 anakuonyesha namna ya kumshika mtoto. Mimi nilivumilia mwaka mmoja na nusu nikasema basi, nikawa chaildmainda, nalea watoto wa watu nyumbani kwangu.

Na hiyo msidhani ni lelemama. Ofsted, wakaguzi wa serikali, wenyewe ada ni £35 tu kwa mwaka, kinachoua ni hayo mengine. Kila mtu wa miaka 16 na kuendelea anayeishi kwenye nyumba anafanyiwa DBS. Sasa mimi nina mtoto wa kaka yangu alikuja "wiki mbili tu shangazi", akakaa miezi mitano kwenye kochi. Faili likasimama kwa ajili ya kochi! Nikamwambia mwanangu nakupenda lakini ama ulete pasipoti tujaze fomu ama ufungashe. Akajaza. Sasa ana DBS na hana kazi.

Mimi ni wa Glasgow

Jamani mnapoandika "Uingereza" mseme England. Huku Scotland hatuna DBS ni PVG, hatuna Ofsted ni Care Inspectorate, na huwezi kukaa nasari bila kujisajili SSSC, baraza la wafanyakazi wa huduma. Mwaka jana nilifuata ushauri wa orodha hii hii ya majadiliano nikalipia kitu ambacho hakihusiki na huku. Saa 1,140 za bure za nasari kwa mwaka pia ni za huku, msije mkamdanganya mtu wa Luton.

Kamanda, Reading

Mama Neema yuko Milton Keynes. Tusome swali kwanza.

Mimi ni wa Glasgow

Nimesoma. Wengine pia wanasoma hii orodha.

Bi Zuwena, Leicester

Wanangu msigombane. Neema mwanangu marahaba, pole sana.

Mimi wakati nafika hapa sikuwa na diploma wala nini, nilikuwa mama wa watoto wanne basi. Nilibeba boksi miaka sita, ghala la nguo, zamu ya usiku, narudi asubuhi watoto wanaamka. Siku moja pale maktaba kwenye kipindi cha kuimbia watoto nikamwona mama kijana, Msomali, ana mapacha, mmoja anatambaa kuelekea ngazi na mwingine ananyonya, macho yake hayapo pale. Nikamshika yule wa ngazi. Mama yule akaanza kulia mbele za watu. Yule mama wa maktaba akanivuta pembeni akaniambia wewe ungewafaa Home-Start. Ndiyo hao, shirika limeanzia hapa hapa Leicester mwaka 1973, siku hizi lipo miji mingi. Wanataka mtu mwenye uzoefu wa kulea, wanakufundisha wiki kadhaa, halafu unapewa familia moja yenye mtoto chini ya miaka 5 unakwenda kila wiki, saa mbili tatu hivi. DBS ya kujitolea serikali haitozi. Mimi familia ya kwanza nilikwenda karibu mwaka mzima, kazi yangu kubwa ilikuwa kukunja nguo na kumwacha mama aoge. Barua ya hao watu ndiyo iliyonipa kazi ya kwanza ya watoto.

Kisha kila baraza, kaunsili yaani, lina Family Information Service, ofisi ya taarifa za familia, ni sheria tangu 2006 wawepo. Wapigie simu uwaulize vikundi vyote vya kata yako, vya kanisani, vya msikitini, vya ukumbi wa mtaa, na Family Hub, kituo cha familia, iko wapi. Usiwaandikie imeili, imeili hawajibu. Piga.

Mwalimu Mstaafu, Coventry

Hilo la Bi Zuwena ni zito. Lakini tuulizane kwa nini siku hizi mama huyo anabebwa na watu wa kujitolea. Kulikuwa na Sure Start ya serikali, imeanzishwa 1998, vituo kila mtaa, mkunga hapo hapo, darasa la Kiingereza hapo hapo, mtu kama Neema angeingia mlango mmoja akatoka na kozi. Baada ya 2010 wakavifunga kimoja kimoja. Cha kwetu sasa ni jimu. Sasa wamekumbuka, wanakuja na jina jipya.

Na nyumbani tusijisifu. Katiba ya 2010 ikawapa kaunti elimu ya chekechea, tukashangilia. Nenda kaone walimu wa ECDE wenye mikataba ya mwaka hadi mwaka, gavana anafungua darasa kwa kukata utepe na mwalimu wa hilo darasa hajalipwa. Ndiyo maana kina Neema wako huku.

Kamanda, Reading

Mwalimu, siasa peleka ile orodha nyingine.

Mwalimu Mstaafu, Coventry

Mshahara wa mwalimu sio siasa, ni unga.

Mama Neema, Milton Keynes

Ahsanteni nyote, Bi Zuwena nimekusoma mara mbili. Kesho napiga simu.

Mwalimu umenikumbusha. Darasa langu lilikuwa na watoto 54 na mimi peke yangu, hiyo reshio ya 1 kwa 5 nikiisikia nacheka. Hesabu tulifundishia vizibo vya soda, watoto wenyewe wanaokota kwa mama wa kiosk, tunavitoboa msumari tunavipitisha kwenye kamba. Wanasesere wa majani ya mgomba. Vifuu vya nazi ndio vikombe na mizani. Mkaguzi aliyekuja alikuwa anauliza vitabu viko wapi. Sasa huku ile siku ya majaribio nikaona kikapu kimewekwa vizuri kabisa, ndani vizibo, magome ya miti, kokoto, vifuniko vya chupa, nikajua ni taka mtu kasahau. Meneja akaniambia kwa fahari wafanyakazi wote wamelipiwa kozi ya namna ya kuvitumia, vina jina lake la Kiingereza, na vinanunuliwa! Kuna kampuni inauza kokoto! Nilitaka kumpigia simu mwenzangu Kilifi nimwambie tumekaa juu ya utajiri.

Halafu mvua. Wanawatoa watoto nje kwenye mvua na mabuti. Sisi wingu likitanda tu wazazi walikuwa wamefika getini.

Lakini jamani cheti. Cha miezi 11. Shangazi unasema mwajiri aridhike mwenyewe, sasa huyu ameridhika vipi kwamba hajaridhika?

Shangazi wa Croydon

Muulize akuandikie sera yao inasema nini, kwa maandishi. Mara nyingi ni mtu wa HR anaogopa Ofsted akija. Mwambie umetoka Kenya mwezi wa tatu, kwa hiyo umebakisha pengo la miezi mitatu tu, kati ya cheti na ndege. Wengine wanakubali cheti cha zamani pamoja na marejeo ya mwajiri wako wa mwisho.

Kijana wa Luton

Niulize pia, mimi dada yangu yuko nyumbani ana digrii ya malezi ya awali, kuna wakala anamwambia atamtafutia CoS, karatasi ya udhamini wa visa ya kazi, ya nasari kwa pauni elfu kadhaa. Ni sawa?

Kamanda, Reading

HAPANA. Tangu tarehe 22 Julai 2025 visa ya kazi ya Skilled Worker imepandishwa hadi kazi za kiwango cha digrii, kazi ya chumba cha nasari haimo. Haijalishi yeye ana digrii, wanaangalia kazi. Huyo ni tapeli. Mwambie dada yako asitume hata shilingi.

Mimi ni wa Glasgow

Kwa mara ya kwanza nakubaliana na Kamanda.

Mama Imani, Slough

Samahani nadandia. Na zile saa 30 za bure za nasari kwa wiki, tangu Septemba 2025 kwa mtoto wa miezi 9, sisi wenye visa ya kazi tunapata? Nasari ya mwanangu wamesema jaza tu.

Shangazi wa Croydon

Usijaze tu! Angalia visa imeandikwa nini kuhusu pesa za umma, yako na ya baba Imani. Zile saa 15 za miaka 3 na 4 ni za watoto wote, hizo hazina neno. Za wazazi wanaofanya kazi ni jambo jingine. Anzisha mada yako mama, hii tutaipoteza.

Kamanda, Reading

Imeshapotea. Mama Neema, alama za vidole: fomu ni C24, unaomba kwenye eCitizen, tovuti ya serikali ya Kenya, unachapisha, unapaka wino vidole vyote, halafu karatasi yenyewe inakwenda DCI, polisi wa upelelezi, Nairobi. Zamani vituo vya polisi vya hapa walikuwa wanakusaidia kwa ada. Mimi mwaka huu nilizungushwa vituo viwili, cha kwanza wakasema nenda cha pili, cha pili wakaniuliza nimefanya kosa gani. Nikaishia kwa kampuni binafsi. Kidole gumba nilirudia mara tatu kwa sababu ya mikono ya ghala, mistari imefutika.

Bi Zuwena, Leicester

Paka mafuta ya nazi siku tatu kabla, usiku, uvae soksi mikononi. Yangu pia ilikuwa imekwisha.

Msimamizi

Ndugu, tafadhali mada moja moja. Mambo ya saa za bure na wakala yahamie kwenye mada mpya. Na mtu asiweke picha ya cheti chake hapa, kuna mmoja nimeifuta.

Mama Neema, Milton Keynes (Alhamisi)

Nimewapigia wale wa baraza, wamenipa vikundi vitano, kimoja kanisani hatua chache kutoka kwangu, Jumanne naanza kupanga midoli na kumimina juisi. HR nimemwandikia anipe sera, hajajibu. Nimechoka kubahatisha nimeamua kuchukua vidole upya. Sasa kuna anayesafiri Nairobi kabla ya Krismasi anibebee bahasha? Ya posta mwaka jana ya mume wangu ilifika Pasaka.

Mwalimu Mstaafu, Coventry

Nasafiri tarehe 12 Desemba, nashuka Nairobi usiku mmoja. Lakini nimebakisha kilo moja na nusu na tayari nimeahidi viatu vya mtu wa Mombasa.

Mama Neema, Milton Keynes

Mwalimu haina uzito. Ni vidole kumi tu.