Nakata na kuunga mkanda wa kaseti nipate sauti za kigugumizi, nakosea wapi?

mkanda_kahawia: Wakuu habari zenu. Nna kaseti kama arobaini hivi alizoniachia mjomba, C60 na C90 (za dakika 60 na 90), nyingi hazina hata lebo, nimeanza kuzikata na wembe naunga vipande upya nipate zile sauti za kuruka na kugugumiza, sitaki za kompyuta, nataka mkwaruzo wa mkanda wenyewe. Jana nimekata sauti ya mama mmoja anasema "karibuni", nikaunga vipande kumi kwa selotepu ya kawaida, vikacheza viwili tu afu mkanda ukanasa ukajizungushia kwenye ule mpira unaovuta mkanda, nimeutoa umekunjamana kama utumbo wa kuku. Vipande nakata sentimita 2. Nakosea wapi? Na nikikigeuza kipande kitaimba kinyumenyume?

fundi_deki: Mkuu shida ya kwanza ni hiyo selotepu. Gundi yake inavuja pembeni, inashika mzunguko wa mkanda unaofuata na inahamia kwenye hedi (kile kichwa kinachosoma sauti) na kwenye mpira, ndo maana unavutwa. Tafuta utepe maalumu wa kuungia. Mkanda wa kaseti una upana wa milimita 3.81, utepe ukizidi hapo hata kidogo punguza na wembe. Bandika upande usiogusa hedi, na ncha ziguse tu, zisipandane. Anayetaka muungo usisikike anakata mshazari, nyuzi 45, wewe unataka usikike so kata wima. Na safisha hedi na mpira kwa spiriti na pamba kabla hujarudia.

Urefu piga hesabu, kaseti inakimbia sentimita 4.76 kwa sekunde, so sentimita 2 ni kama sekunde 0.4, hapo bado unasikia neno. Kigugumizi hasa kiko kwenye milimita 5, sehemu ya kumi ya sekunde. Vidogo hivo usiviunge kimoja kimoja, vipange vyote juu ya utepe mmoja mrefu. Anza na C60, mkanda wa C90 mwembamba zaidi unakunjika haraka.

pwani_sauti: Hilo la kinyumenyume lina mtego. Ukikizungusha kipande nyuma iwe mbele huku uso uleule unatazama hedi hupati kinyume, unapata upande B unaenda kawaida kabisa (nilishangaa sana siku ya kwanza). Kipindue kama unavyofunua ukurasa wa kitabu, mgongo ndo utazame hedi. Hapo upande A unarudi kinyumenyume na sauti inafifia, kama mtu anaongea nyuma ya ukuta, maana plastiki imekaa kati ya hedi na ile dawa ya sumaku iliyopakwa kwenye mkanda, inayobeba sauti. Mi naipenda kuliko kinyume ya kompyuta.

bi_santuri: Jamani kaseti za mjomba hazina lebo, zisikilize zote kwanza tafadhali! Ukikuta sauti ya mtu wa nyumbani rekodi kopi, kata hiyo kopi. Kukata hakurudi.

Na ujue kuchezea rekodi hivi kulishafanywa zamani huku huku Afrika. Halim El-Dabh, mtunzi wa muziki Mmisri, mwaka 1944 pale Cairo alirekodi wanawake wakipunga pepo, ile wanaita zaar, kwa mashine inayorekodi kwenye waya wa chuma maana mkanda hakuwa nao, akaenda studio akaibadilisha ile sauti kwa mwangwi hadi maneno yakayeyuka. Pierre Schaeffer wa Paris, anayetajwa kila siku kuwa mwanzilishi wa muziki wa kuchezea rekodi, alifuata 1948.

mkanda_kahawia: Asanteni sana. Nimesikiliza kumi na mbili, mbili nimeziweka kando. Nimepanga "ka" nane za milimita 5 halafu "ribuni" moja iliyopinduliwa, imepita bila kunasa! Ila kila muungo una "tiki" ndogo.

fundi_deki: Wembe umeshika sumaku, unaacha alama kwenye mkanda kila unapokata. Wembe usio na sumaku unaiondoa, lakini kwa kazi yako mi ningeiacha, hizo tiki nane zinakupigia mdundo.